Vidole vya Kabula

Nyakato, Mwanza
9 Februari 2025

Shangazi Eufrasia,

Shikamoo, na mwadila. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote hapo Nkololo. Sisi huku hatujambo. Violeth anakusalimu, amerudi kazini baada ya ile homa. Benedikta ameanza darasa la kwanza na tayari amepigana na mwenzake kwa sababu ya kifutio. Mwalimu aliniita, nikaenda, nikaomba radhi. Mjukuu wako huyo amechukua kwako.

Kifurushi nimempa Joakim, yule kondakta wa basi la Bariadi. Ndani mna vitabu vinne vipya vya katuni. Kama kawaida yetu, soma kwanza wewe mwenyewe, kisha ndiyo uangalie niliyoyaandika kwenye jarida letu la mashabiki, nimekukatia kurasa. Wewe ndiye uliyeninunulia katuni ya kwanza maishani, pale stendi ya Maswa, nikiwa na surua, kwa hiyo lawama za haya yote ni zako.

Kwa kifupi: cha kwanza, cha mtu wa chuma anayelinda bandari, kina rangi nzuri na hadithi ya ovyo. Shujaa anapigwa kurasa ishirini, wa ishirini na moja ndipo anakumbuka kwamba anaweza kuruka. Cha pili ni cha majini wanaoishi ndani ya minara ya simu. Hicho nimekipenda, nimekisoma mara mbili nikiwa nimezima simu. Cha tatu ni cha kuwashia moto.

Cha nne ndicho kinachonisumbua. Kinaitwa "Kabula wa Radi", toleo la pili, na kinachapwa huko kwenu Bariadi. Hakina jina la mchoraji, ila kona ya kila ukurasa kuna alama ya risasi ndogo. Sipendi mtu anayejificha halafu anasaini kwa risasi. Hadithi yenyewe ni kali: mama mkulima wa pamba anakamata radi, anaihifadhi ndani ya marobota, na anapigana na fisi wa chuma. Binti yake ameolewa na Mfalme wa Nyota huko juu. Wazo la namna hiyo hulipati kila mwaka.

Michoro sasa. Kabula ana vidole kama miko ya ugali. Halafu mchoraji hajui kuwaweka watu wawili kwenye fremu moja. Kabula na Mfalme wanapigana vita upande mmoja, lakini hawajatazamana hata mara moja; mmoja akiingia, mwingine amegeuza mgongo. Ukurasa wa kumi na moja Mfalme anamletea dawa, na badala ya kumpa mkononi anaiweka juu ya jiwe na kuondoka. Nimeandika wazi kwamba huyo ni mtu anayekwepa kazi ngumu. Niambie kama nimekosea.

Jibu kwa barua. Ujumbe wako wa simu unaandikwa na wajukuu, nao huongeza yao.

Mwanao,
Januarius


Nkololo
2 Machi 2025

Ng'wana Maige,

Mwadila na wewe, mwana wa kaka yangu. Barua imefika, na kifurushi kimefika hakijafunguliwa, mshukuru Joakim. Hapa mvua ilisimama wiki mbili tukashika vichwa, sasa imerudi na pamba imesimama vizuri. Ng'ombe wetu yule mweupe amezaa dume. Mwanangu Mayige anasema atampa jina lako kwa sababu anapiga kelele bila sababu. Mguu wangu unauma hewa ikibadilika.

Mtu wa chuma nimemwona. Naona aliyemchora alikuwa na kurasa za kujaza. Majini wa minara nilimsomea Mayige, na tangu siku hiyo hapandi kichuguu kutafuta mtandao. Cha tatu nimewashia moto kama ulivyosema, ila nilikisoma kwanza, na wala hakikuwa kibaya kiasi hicho.

Kwa Kabula nakukatalia. Umeandika kama mtu aliyeudhiwa kabla hajafungua kitabu. Wewe ni mhakiki mzuri, nakujua, lakini ukishamshuku mtu macho yako yanafunga. Hilo la kutazamana, mtu wa huku hawezi kuliuliza. Sikufafanulii. Nilimwambia baba yako asikukuzie mjini, akaniona mshamba.

Na hiyo unayoiita risasi, itazame tena. Subiri tu uone fisi wa chuma wanavyolambishwa chumvi, ndipo utajua kwamba huyo mtu ana akili.

Msalimu Violeth. Mwambie Benedikta safari nyingine apige na kukimbia.

Shangazi yako,
Eufrasia


Nyakato
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Benedikta ameng'oka jino. Hizo ndizo habari.

Toleo la tatu la Kabula limetoka tarehe 17 mwezi huu. Ukurasa wa nane fisi wa chuma wanalambishwa chumvi, wanashika kutu, wanaanguka. Barua yako ina tarehe 2. Nimezisoma tarehe hizo mbili mara nyingi kuliko nilivyokisoma kitabu. Ulijuaje?

Halafu kuna jambo baya zaidi. Ameingia adui mpya, anaitwa Mkaguzi wa Nyota. Ni mrefu, mwembamba, anafuta miwani kwa pindo la fulana. Kabla hajasoma kazi ya mtu yeyote anachonga penseli nyekundu kwa wembe, kisha anapuliza vumbi mara tatu. Shangazi, huyo ni mimi. Mimi hufanya hivyo kwenye meza yangu, nyumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Ofisini hawajawahi kuniona na penseli. Wanaojua ni Violeth, Benedikta na wewe.

Nilikisoma nikiwa nimekaa, nikajikuta nimesimama. Wasomaji wa jarida wanacheka, wanasema Mkaguzi ndiye mhusika bora wa mwaka. Hawajui wanamcheka nani.

Sikutuhumu. Nauliza tu. Huyo mtu ni nani, na nani anampelekea habari za nyumba yangu?

Januarius


Nkololo
27 Aprili 2025

Ng'wana Maige,

Mwadila. Pasaka ilikuwa njema, tulichinja mbuzi, ukakosekana. Palizi imeisha. Mayige amepelekwa zahanati kwa malaria, amerudi, anakula. Ndama mwenye jina lako ameacha kelele, wewe bado.

Usiseme nimechelewa kujibu. Mguu ulinilaza, na kalamu iliisha wino.

Hilo la chumvi ni jambo dogo. Nilikwenda Bariadi kutoa nakala za kadi yangu ya kliniki kwa Novatus, yule mwenye steshenari, na yeye ndiye anayechapa Kabula. Kurasa zilikuwa mezani, nami nina macho. Jina la mchoraji Novatus hakunitajia. Kuhusu penseli, wanaume wanaopuliza vumbi ni wengi, hukuanza wewe.

Sasa nisikilize. Mtu akikuchora ukiwa na miwani na penseli, maana yake amekusoma kwa makini. Ungefurahi. Badala yake unahesabu nani aliingia chumbani kwako. Liache hilo. Safari nyingine niulize habari za mguu wangu.

Eufrasia


Nyakato
11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Nimeuliza. Sasa tuendelee.

Toleo la nne limetoka Jumatatu. Watu wote wa Kabula wamevaa makoti yenye mifuko mikubwa, na kwa kurasa arobaini hakuna anayetoa mkono nje. Mkaguzi wa Nyota anafika kukagua, Kabula anamwambia: "Mtu akishindwa kuchora vidole, awashonee watu wake mifuko. Basi tumeshona."

Maneno hayo niliyasema mimi. Niliyasema mara moja tu, jikoni, Violeth akikaanga dagaa. Kwenye jarida hayamo. Niliyafuta kwa sababu yalikuwa makali mno. Alikuwapo Violeth na sufuria.

Kuanzia hapo nimefungua macho. Simu ikiita anatoka nje, anasimama nyuma ya tangi la maji, anaongea chinichini na anacheka. Kwenye mkoba wake nimekuta kalamu tatu za wino mweusi na kibunda cha karatasi nene. Nilipouliza akasema ni za Benedikta. Benedikta hajazigusa. Desemba, tulipokuwa ukweni Binza, alikwenda Bariadi peke yake kutwa nzima na akarudi mikono mitupu. Na huyo Novatus wako alisoma naye sekondari pale Maswa. Aliniambia mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akicheka. Nimeunganisha.

Nimeandika makala. Inaitwa "Mwizi wa Jikoni", inamtaja Novatus kwa jina lake na mahali alipo, na itatoka kwenye jarida tarehe 15 Juni. Shule zikifungwa nitampeleka Violeth na mtoto Binza kwa mama yake, na safari hii sitakwenda kuwachukua. Yeye sijamwambia. Tunakula meza moja hatuongei. Miaka tisa, Shangazi. Nampenda mke wangu na sasa namwogopa, na sijui nifanye nini na hayo mawili kwa pamoja.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu anajua kuifungua. Kama una neno, liseme kabla ya tarehe hiyo. Ukinyamaza nitajua na wewe umo.

Januarius


Nkololo
18 Mei 2025

Januarius,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Novatus hana kosa. Ana mashine mbili na watoto watano, na huwa anaogopa hata kuniuliza ninachomletea. Kurasa za Kabula nampelekea mimi, nimezifunga kwenye kanga. Nilikuandikia kwamba hakunitajia jina la mchoraji. Ni kweli, hakunitajia, kwa sababu yeye halijui. Ninalijua mimi.

Anayechora Kabula ni mama mkwe wako. Ni Mwalimu Specioza, mama yake Violeth, hapo Binza.

Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Alifundisha darasa la pili miaka thelathini na moja. Ng'ombe, ramani, sehemu za ua, vyote alichora mwenyewe kwenye karatasi za manila, mpaka shule nyingine zikawa zinakuja kuazima. Hiyo si risasi, ni kipande cha chaki. Alipostaafu, Violeth akawa anampelekea katuni ulizomaliza kusoma kwa sababu chumba chenu kimejaa. Akazisoma zote, pamoja na uhakiki wako uliobandikwa ndani. Akaniambia, "Mkwe wangu huyu, kwenye karatasi hamwogopi mtu." Mwaka uliofuata akanionyesha Kabula.

Sasa tuje kwenye fremu zako. Umeoa miaka tisa. Umewahi kukaa na mama mkwe wako uso kwa uso? Ukienda Binza yeye yuko jikoni, na chakula kinaletwa na mwingine. Mkikaribiana njiani anaingia shambani, na wewe unageuka. Hayo unayafanya, mwanangu, na unayafanya vizuri, maana nilikufundisha mimi wiki ya harusi. Basi Kabula ni mama mkwe wa Mfalme. Ulitaka amtazame usoni? Ulitaka apokee dawa mkononi mwake? Mwalimu Specioza asingechora hivyo hata ungemlazimisha. Wasomaji wote wa Maswa na Bariadi walielewa bila kuambiwa. Mkwe wake mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba ni kukwepa kazi.

Vidole. Anachora kwa mkono wa kulia akiutazama wa kushoto. Ana ugonjwa wa viungo, maungio yote yamevimba. Hiyo miko yako ya ugali ndiyo mikono yake.

Utauliza kwa nini alijificha. Kwa sababu ungejua ni yeye, usingeandika kosa hata moja. Ungesifu mwanzo mpaka mwisho, kama mkwe mwenye adabu. Yeye alitaka msomaji mmoja asiyemwonea haya. Kwa hiyo Violeth alikuwa akimpigia simu na kumsimulia unavyochonga penseli na uliyosema, hata yale uliyoyafuta, kwa sababu mama yake alimwambia hayo ndiyo anayotaka zaidi. Huyo ndiye anayecheka naye nyuma ya tangi. Karatasi na kalamu ni za mama yake. Desemba alikwenda Bariadi kuona kurasa zikichapwa, nilikuwa naye kutwa, tulikula wali na maharage, na alirudi mikono mitupu kwa sababu kitabu kilibaki kwa Novatus.

Nilimwahidi mwenzangu kwamba sitasema. Nimevunja ahadi hiyo leo, na imeniuma, kwa sababu yeye hajawahi kunivunjia. Nimeivunja kwa ajili ya nyumba yako. Barua hii Joakim atakupa mkononi, nimemwambia asiiache kwa jirani.

Chana hiyo makala.

Shangazi yako


Nyakato
22 Juni 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo, na mwadila. Natumaini mguu umepoa, na Mayige ni mzima, na pamba imeanza kuvunwa. Sisi ni wazima. Benedikta amemaliza muhula, amekuwa wa sita, na anadai wa tano aliangalizia.

Umekaa zaidi ya mwezi bila neno langu. Nilikuwa na aibu, sina sababu nyingine.

Makala niliichana siku ileile Joakim aliponipa barua. Kisha nikampa Violeth barua yako aisome. Aliisoma amesimama. Sehemu ya kucheka na mama yake nyuma ya tangi ilimfanya atabasamu, nikadhani nimepona. Ndipo nikamweleza nilichokuwa nimepanga kufanya Juni, kwa sababu niliona nikikificha nitakuwa nimeanza upya. Hapo hakutabasamu. Alisema, "Miezi miwili umenifungulia kesi jikoni kwangu, na mimi nakupakulia chakula." Hakunisemesha siku nne. Siku ya tano akaweka kile kibunda cha karatasi mezani na kuniambia nikibebe mimi.

Tulifika Binza Jumamosi ya tarehe 14. Violeth alikuwa mbele na mizigo, mimi na Benedikta nyuma, kwenye ile njia nyembamba inayopita katikati ya mahindi yaliyokauka. Niliona mtu anakuja kutoka upande wa kisima. Aliponitambua akaingia kwenye mahindi na kugeuza mgongo. Na mimi nikageuka. Benedikta akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni kwa nini bibi anajificha, nikamwambia anyamaze.

Nilisimama pale nikitazama jiwe lililokuwa pembeni ya njia. Ulikuwa ni ukurasa wa kumi na moja, Shangazi. Nilikuwa ndani yake. Nikaweka kibunda cha karatasi juu ya jiwe, na juu yake kalamu sita za wino nilizonunua Mwanza, zile nene ambazo mtu hahitaji kuzibana sana. Nikapita. Nilipokuwa mbali kidogo nikasikia mahindi yanasogea na karatasi inainuliwa. Sikugeuka. Nilitaka sana kugeuka. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama aliyekuwa nyuma yangu, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Namna pekee ni wewe. Mfikishie haya: namwomba radhi kwa miko, na kwa fremu, na kwa kila nililoandika. Penseli nyekundu nimeifungia kabatini. Vidole aviache vilivyo, ni vizuri. Kitabu chote ni kizuri, tangu toleo la kwanza.

Violeth amesema nikuandikie kwamba anakusalimu, na kwamba bado anafikiria kuhusu mimi.

Mwanao,
Januarius


Nkololo
6 Julai 2025

Ng'wana Maige,

Mwadila. Mguu umepoa, asante kwa kuuliza bila kushurutishwa. Tunavuna, mikono yote imechanika. Violeth akikuambia anafikiria, mwache afikirie, na wewe osha vyombo.

Nilikwenda Binza Jumanne. Nilimwomba radhi kwanza kwa kutoboa siri yake. Akasema alijua nitatoboa, ila hakujua nitachelewa kiasi hicho. Kisha nikamfikishia maneno yako yote, neno kwa neno, mpaka la kabati. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama. Alipomaliza akaweka ungo chini na kusema: "Mwambie nimeshukuru kwa kalamu. Lakini hayo mengine ni maneno ya mkwe. Mkwe nilikuwa naye tangu zamani. Nilikuwa na mhakiki pia, amekwenda wapi?"

Nikamwambia umeona haya. Akasema haya ukae nayo njiani, kwenye karatasi haitakiwi. Na amesema nikuambie kwamba toleo la pili, ukurasa wa kumi na nne, mkono wa kushoto wa Kabula una vidole sita. Aliuona baada ya kuchapwa, akangoja useme. Uliandika maneno mia nne kuhusu vidole na hukuvihesabu.

Toleo la tano limo kwenye kifurushi hiki. Chonga penseli.

Shangazi yako,
Eufrasia